Ufunguo wa siri usisafiri

Ninyi mnaoanza kazi ya kusimamia seva hapa Nairobi, huenda kazi ya kwanza mtakayokabidhiwa ikawa ni kuiwekea tovuti ya mteja cheti cha usalama, kwa kuwa wengi huihesabu kuwa kazi ndogo ya asubuhi moja. Amri zake ni chache kweli, lakini kosa likifanyika hapo tovuti hufunguka vizuri kama kawaida, na hakuna anayeshtuka.

Katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye ofisi moja ya Barabara ya Ngong, mwenzangu alitengeneza ufunguo wa siri kwenye kompyuta yake ya mkononi, akautuma pamoja na cheti katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili atakayefika kwanza aupakie kwenye seva. Kundi lilikuwa na watu kumi na wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Niliuona ujumbe ule nami sikusema neno. Wiki tatu baadaye ilitubidi tutengeneze ufunguo mpya, tuombe cheti kipya na kuomba cha kwanza kibatilishwe, kwa sababu ufunguo ukishaonwa na asiyehusika haurudi kuwa siri kwa kufuta ujumbe.

Cheti ni kitu cha hadharani, na seva humpa kila anayeifungua. Ufunguo ndio unaothibitisha kwamba seva ni ile yenyewe, kwa hiyo aliyeunakili anaweza kusimamisha seva yake, akawavuta wateja wenu huko, na kivinjari kisitoe onyo lolote.

Basi ufunguo utengenezwe kwenye seva itakayoutumia. Ingieni kwa ssh, yaani njia salama ya kuiamuru seva kutoka mbali, andikeni kwanza umask 077 ili faili mtakazotengeneza zisisomwe na watumiaji wengine, halafu openssl genrsa -out tovuti.key 2048. Biti 2048 ndicho kiwango cha chini kinachokubaliwa kwa RSA, aina ya ufunguo tunayoitengeneza hapa. 4096 huiongezea seva kazi kila mgeni anapoingia, na kwa tovuti ya kawaida sioni haja yake. Tazameni kwa ls -l: mkiona -rw------- mmefanya sawa.

Kinachofuata ni ombi la cheti, kwa openssl req -new -key tovuti.key -out tovuti.csr. Mtaulizwa nchi, nanyi mtajibu KE. Ombi hili hubeba ufunguo wa umma, ule mwenzake wa siri usiohitaji kufichwa, wala halibebi ule wa siri, na ndilo linalopelekwa kwa mamlaka ya vyeti, yaani shirika linalovitoa; hilo mnaweza kulituma hata kwa barua pepe bila hofu. Hakikisheni cheti kinataja jina lenye www na lisilo nayo katika orodha ya majina mbadala, kwa maana Chrome iliacha kulitegemea lile jina moja la cheti liitwalo Common Name tangu mwaka 2017.

Cheti kikirudi, kiwekeni pamoja na cheti cha kati, kile kinachokiunganisha cheti chenu na mamlaka inayoaminiwa na vivinjari. Mkikisahau, kivinjari cha ofisini kinaweza kuifungua tovuti bila taabu huku programu ya simu inayozungumza na seva hiyohiyo ikikataa, nanyi mkashinda kutwa mkitafuta kosa kwenye programu. Kabla ya kuiamuru nginx, programu inayoihudumia tovuti kwenye seva, isome upya mipangilio yake, pimeni kwa nginx -t, ambayo pia itawaambia kama cheti na ufunguo havilingani.

Tarehe za mwisho msiziandike kwenye kalenda ya ukutani. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, mamlaka inayovitoa bure, vimekuwa vikidumu siku 90, na kwa uamuzi uliopitishwa mwaka 2025 ukomo wa vyeti vyote vya tovuti za umma unapunguzwa kwa awamu hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Certbot, programu ya kuomba vyeti hivyo, huhuisha cheti yenyewe na, isipoagizwa vinginevyo, hutengeneza ufunguo mpya papo hapo kwenye seva kila mara. Jaribuni kwa certbot renew --dry-run siku ileile mnapoisakinisha.

Huo upya wa ufunguo una maana kubwa. Aprili 2014 ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ileile ya amri za hapo juu, ilionekana kwamba mtu wa nje angeweza kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, ufunguo wa siri ukiwemo. Waliobadilisha cheti na kuacha ufunguo uleule hawakuwa wameziba chochote.

Na mkitumwa kuihamishia tovuti kwenye seva nyingine, msiubebe ufunguo wa zamani kwenye flashi wala msiutoe katika nakala za akiba. Tengenezeni mwingine kwenye seva mpya, ombeni cheti chake, na tovuti ikishahamia, batilisheni kile cha kwanza na kuufuta ufunguo wake kabla seva ya zamani haijarudishwa kwa mwenyewe.