Eti Marekani wamefuta kodi ya ovataimu? Jibu kutoka huku Ohio

Mkuu, umeuliza mawili: kama ni kweli mdogo wako aliyeko Marekani halipi tena kodi ya ovataimu, na kama hela anazokutumia zitakatwa. Mimi niko Columbus, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na ovataimu ndiyo inayonilipia pango. Acha nikueleze inavyokwenda.

Sheria yenyewe Trump aliisaini tarehe 4 Julai 2025. Kazini watu walichangamka, shifti za ziada zikawa za kugombaniwa. Slipu ya mshahara ikaja na makato yaleyale. Kodi haikufutwa. Kilichotolewa ni unafuu unaoudai mwenyewe mwaka unaofuata ukijaza fomu, tena kwa ile nusu inayoongezwa juu ya malipo ya kawaida ya saa tu.

Chukua mtu wa dola 20 kwa saa. Ovataimu analipwa 30. Zile 20 zinatozwa kodi kama kawaida, inayosamehewa ni 10. Akipiga saa 10 za ziada kila wiki, kwa wiki 50, ameingiza dola 15,000 za ovataimu, zinazosamehewa ni 5,000. Akiwa daraja la asilimia 12 la kodi ya mapato, anaokoa dola 600. Kwenye hizohizo 15,000 anakatwa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni, zaidi ya dola 1,147, na jiji la Columbus nalo linabeba asilimia 2.5, dola 375. Sidharau 600, ni matairi manne ya gari na chenji inabaki. Ila usimpigie hesabu kama vile kaongezewa mshahara wa pili. Na unafuu huu ni mpaka 2028, na bila namba ya Social Security huupati.

Kuudai nako kuna kazi. Kwa mwaka 2025 waajiri hawakulazimishwa kuitenganisha ovataimu kwenye fomu ya mshahara ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo unamwaga slipu zote mezani, unajumlisha mstari wa ovataimu, unagawa kwa tatu.

Faida kubwa ya sheria hii iko kwingine. Viwango vya kodi vilivyopunguzwa 2017 vimefanywa vya kudumu, na kampuni ikinunua mashine inaondoa gharama yote kwenye faida mwaka huohuo. Ofisi ya bajeti ya Bunge, CBO, ilikadiria sheria hii itaongeza nakisi ya bajeti ya serikali kwa dola trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi, na kwamba asilimia 10 ya juu kwa kipato watanufaika kwa takriban dola 13,600 kwa mwaka, huku asilimia 10 ya chini wakipoteza kama 1,200. Hao wa chini wanaumia kwa sababu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na msaada wa chakula, SNAP, vimebanwa. Wakimbizi wanaoletwa huku kihalali, wakiwemo ndugu zetu Wakongo, wametolewa SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mtu ametoka kambini, hajui hata basi la kwenda kazini, na chakula ndiyo hicho kimekatwa. Hapo sina lugha ya kistaarabu.

Sasa hela za kutumwa. Bungeni walianza na pendekezo la asilimia 5 kwa wasio raia. Ikapita asilimia 1, inamhusu yeyote anayetuma, raia na asiye raia, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Inamkata mtumaji, na ni pale tu anapolipa kwa keshi, hundi ya benki au money order (hati ya malipo unayoinunua kwa keshi). Akienda kaunta na dola 300 mkononi, analipa 3 juu ya ada ya kawaida. Akituma kwa akaunti ya benki, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hakatwi. Kwa hiyo akikwambia amepunguza kwa sababu ya kodi mpya, muulize anatumaje.