Mshipa upi umebanwa?

SWALI: Mama yangu anaumwa mguu wa kulia, maumivu yanaanzia kiunoni yanashuka hadi unyayoni. Hospitalini akaambiwa, "Mama, mshipa umebanwa." Tangu siku hiyo ameacha chumvi na nyama, anaamini damu haipiti. Mimi shuleni nilifundishwa neno neva. Je, daktari alikosea Kiswahili?

JIBU: Hakukosea, ila aliliacha neno njiani.

Mshipa ni neno la zamani, na limebeba mengi. Kunja ngumi, kisha ikunje kidogo kuelekea kwako, utazame upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kamba zinazotuna hapo ni kano, zinazofunga msuli kwenye mfupa. Vijistari vilivyolala chini ya ngozi ni vena, zinazorudisha damu moyoni. Weka vidole viwili upande wa dole gumba: kinachodunda ni ateri. Na chini ya zile kano, huioni wala huisikii, inapita neva ya mediani kwenda kwenye dole gumba na vidole vinavyolifuata. Vitu vinne mahali padogo kiasi hicho, na marehemu bibi yangu vyote angeviita mshipa. Tena kuna mshipa ule wa wanaume, yaani ngiri au busha, na kuna mshipa wa aibu, ambao tunasema fulani hana.

Ndiyo maana mshipa peke yake hautoshi mbele ya mgonjwa. Sema mshipa wa damu, au mshipa wa fahamu, yaani neva. Maneno mawili tu yaliyoongezwa yangemwachia mama chumvi yake.

Lakini "fahamu" nayo ina mtego. Mtu akizirai tunasema amepoteza fahamu, basi wengi hudhani mishipa ya fahamu ni mambo ya kichwani tu. Hapa fahamu ni ile hali ya mwili kujua kwamba umeguswa, umeungua, umechomwa. Jina ni zuri, ila linataja nusu ya kazi. Neva ya siatiki, ambayo kwa maelezo yako huenda ndiyo inayomsumbua mama, ni nene na ndefu kuliko zote mwilini: inatoka chini ya mgongo, inapita takoni na nyuma ya paja, na kwa kawaida kabla ya kufika gotini inagawanyika matawi mawili. Inapandisha maumivu, ndiyo, lakini pia inashusha amri ya kukunja goti na kuinua unyayo. Neva ya freniki, kwa upande wake, inashuka kutoka shingoni kuendesha kiwambo, ule msuli uliotanda chini ya mapafu. Mtu amelala fofofo, hajui lolote, na bado neva hiyo inampumulisha. Fahamu iko wapi hapo?

Kwa hiyo mimi hutumia mshipa wa fahamu katika mazungumzo, na neva pale ninapotaja moja kwa jina lake. Neva iko katika ngeli ya I-ZI: neva imebanwa, neva zimebanwa. "Maneva" nimekutana nayo mara kadhaa, tuiache.

Uti wa mgongo una shida hiyohiyo. Wengine humaanisha mfupa wenye pingili, wengine ule uzi laini uliomo ndani yake, ambao vitabu huuita ugwe wa mgongo. Jozi 31 za neva hutoka kwenye ugwe, si kwenye mfupa. Zinapenya tu katikati ya pingili, na hapo ndipo mara nyingi hubanwa.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie hivi: "Mama, uliambiwa habari ya mshipa wa fahamu, ule unaotoka kiunoni kwenda mguuni. Hawakusema mshipa wa damu." Habari ya chumvi na nyama amuulize daktari wake, na safari hii amuulize pia: mshipa upi?