Huzuni ya dada yangu: nani kasema ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Shemeji yangu alizama ziwani, huu ni mwezi wa nane. Kila jioni dada anawasha karabai ya marehemu na kuiweka mlangoni. Dagaa hauzi tena pale Mwaloni, na chakula anadonoa tu. Hospitali wamesema ni ugonjwa wa akili. Malaria huonekana kwenye darubini. Huu wameuona wapi? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Unauliza jambo ambalo wanafalsafa wanabishania hadi leo.

Thomas Szasz, daktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, alishikilia hoja kama yako mwaka 1961: pasipo hitilafu ya mwili hakuna ugonjwa, kuna shida za maisha. Hofu yake ilikuwa na msingi. Mwaka 1851 daktari mwingine wa nchi hiyo, Samuel Cartwright, alidai kwamba watumwa waliotoroka wana maradhi ya akili, akayaita drapetomania. Kutafuta uhuru kukafanywa ugonjwa! Kwa hiyo jina alilotoa daktari peke yake si ushahidi.

Ila kukosa kipimo nako si ushahidi. Kipandauso tunakitambua kwa maelezo ya mgonjwa, na aliyewahi kuugua hawezi kukuambia si ugonjwa.

Mimi naegemea kwa Jerome Wakefield, mwanazuoni wa Marekani aliyependekeza mwaka 1992 tuulize mawili: je, kuna kitu ndani ya mtu kilichoshindwa kufanya kazi yake ya asili? Na je, kushindwa huko kunamdhuru? Hilo la pili huamuliwa kwa kutazama maisha ya watu, si kwa darubini. La kwanza ndilo gumu, maana aliyempenda mtu lazima amlilie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotumika kuanzia 2022, unataka huzuni, ili iitwe ugonjwa, iwe imepita miezi sita, izidi waziwazi desturi za jamii ya mfiwa, na imkwamishe katika shughuli zake. Ndiyo kusema wazee wenu, wanaojua matanga ya kwenu yanavyokwenda, wana neno hapa.

Karabai hainitishi. Kinachonitisha ni sahani inayorudi imejaa, na biashara iliyoachwa. Kaa naye jioni anapoiwasha, umuulize taratibu: anamkumbuka mumewe, au anamsubiri? Mrudishe kliniki na jibu hilo, neno kwa neno. Akitamka kwamba anatamani kumfuata, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.