Nyangumi akinasa kwenye jarife, msikimbilie kisu

Ndugu uliyeuliza kama mkate kamba upesi nyangumi akinasa kwenye jarife (wavu wa matundu makubwa) huku Msimbati, Mtwara: kamba ile inayoburuta nyuma msiiguse. Hiyo ndiyo mshikio wa waokoaji. Wanaifunga maboya makubwa ili achoke na abaki juu, kisha wanakikata kitanzi chenyewe kwa kisu kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, wakiwa ndani ya chombo. Mkiikata mapema, kitanzi kinabaki kimekaza shina la mkia, kinazama nyamani kila anapoupiga, na hakuna tena pa kumshikia. Huko ni kumuua polepole.

Kaeni mita 100, msimzunguke, na asishuke mtu majini: nyangumi nundu mzima hufika mita 13 hadi 15, pigo moja la mkia linavunja mtumbwi. Maadamu anaibuka kupumua, muda upo. Mwiteni afisa uvuvi, BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) na watu wa hifadhi ya bahari. Waambieni kamba imepita wapi, mkiani au mdomoni.

Na hoja kwamba hatari kwa nyangumi wetu ni uwindaji wa Japani: Bahari ya Hindi imefungwa kwa uwindaji wa kibiashara tangu 1979. Ule wa Japani wa “utafiti” kule Antaktika, wanakokula hawa wetu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliukataa 2014 kwa kuwa haukuwa kwa madhumuni ya utafiti wa kisayansi kama ilivyodaiwa. Japani ikajitoa kwenye Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, inayosimamia uwindaji huo, 2019, sasa inawinda kwenye maji yake. Kwetu hatari ya kila siku ni nyavu, hasa Julai hadi Oktoba wanapopita na ndama.