Swali la lugha: King's County, niandike "Kaunti ya Mfalme" au Offaly?

Msomaji wa Nakuru anatafsiri kumbukumbu za padri mmoja Mwayalandi aliyefanya kazi Kenya zamani, na kwenye karatasi kumeandikwa amezaliwa 1889, "Parsonstown, King's Co." Yeye kaandika "Kaunti ya Mfalme", mhariri wake anang'ang'ania iwe Offaly, jina la sasa la kaunti hiyo ya Ayalandi, sasa wamekwama, anauliza nani yuko sawa.

Ndugu yangu, mhariri wako kakaribia ila hajafika, na wewe una bahati kidogo maana nimeshaona mtu kakutana na hiyo "Co." akaandika kampuni! Hapo Co. ni kaunti, wala hakuna biashara yoyote.

Jina halitafsiriwi. Ukiandika Kaunti ya Mfalme msomaji atauliza mfalme gani, na jibu litamshangaza kwa sababu ni Philip wa Hispania, yule aliyemuoa Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza. Mwaka 1556 serikali ya Mary ilichukua ardhi ya akina O'Connor na O'More katikati ya Ayalandi ili iwape walowezi, ikaigawa kaunti mbili, moja ikaitwa King's County kwa heshima ya mume na jirani yake Queen's County kwa heshima ya Mary mwenyewe. Miji iliyoota kwenye ngome za Waingereza nayo ikabatizwa hivyo hivyo, Philipstown na Maryborough. Kwa hiyo kwa Uingereza na Ayalandi mfalme mwenyewe ni mume wa malkia tu, cheo hicho huko alikipata kwa ndoa, na ukitafsiri hayo yote yanapotea halafu anabaki mfalme asiye na sura. Tena kuna Kings na Queens nyingine kule New York (Kings ndo Brooklyn), zile ni za 1683 na ni za mfalme mwingine kabisa, Charles wa Pili na mkewe, sasa ukishaweka Kiswahili nani atajua unazungumzia ipi?

Ila Offaly peke yake nayo haifai kwenye sentensi ya 1889, maana wakati huo hakuna ofisi iliyokuwa inaandika hivyo. Hata sensa ya 1901 na ya 1911 utaikuta imeandikwa King's Co. Majina ya Kiayalandi yalirudi rasmi kwenye vuguvugu la uhuru, kuanzia 1920 hivi kuelekea 1922, King's ikawa Offaly na Queen's ikawa Laois (soma "Liish", usisome kama ilivyoandikwa, kwenye maandishi ya zamani kidogo utaikuta Leix, ni hiyo hiyo). Ni kama mtu aandike habari za Fort Hall ya mwaka 1920 aiite Murang'a bila kueleza kitu, mtu akienda kutafuta faili haoni.

Mimi ningeandika hivi: "Alizaliwa mwaka 1889 Parsonstown, King's County (siku hizi ni Birr, Kaunti ya Offaly)." Mara ya kwanza tu, baada ya hapo endelea na jina la wakati unaousimulia. Parsonstown umeona nayo imebadilika, ilikuwa imechukua jina la ukoo wa akina Parsons, wale wale wenye ile darubini ya 1845 iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa miaka mingi, bado iko pale Birr kwenye bustani ya kasri lao.

Sasa makosa madogo ambayo yatakuharibia kazi. Usiandike "Kaunti ya King's County", umeshasema kaunti mara mbili. Offaly ni sawa kuiwekea "Kaunti ya" mbele, hata wenyewe wanasema County Offaly, neno linatangulia. Usiseme "Offalyni" wala "King's Countyni", sema tu alizaliwa Offaly. Na hili ndo wengi wanateleza: "kaunti ya zamani ya King's County" inamfanya mtu adhani kaunti imefutwa, wakati kaunti ipo pale pale na timu yake ya mpira wa Kiayalandi inacheza, kilichokufa ni jina. Andika "kaunti iliyokuwa ikiitwa King's County", basi.

Msomaji wa Tanzania asiyezoea kaunti usimgeuzie iwe mkoa au wilaya, ukubwa haulingani na madaraka hayalingani, acha kaunti, wameshaizoea kwenye habari za Kenya tangu katiba ya 2010.

Ukikutana na Maryborough kwenye hizo karatasi ni Portlaoise ya leo, Philipstown ni Daingean. Queenstown ambako huenda padri wako alipandia meli usiihesabu humo, hiyo ni bandari ya Cobh kule Cork, jina ilipewa kwa ajili ya Malkia Victoria.