Kabla hujaagiza mlango wa gereji, pima uwazi mwenyewe

Wengi wetu tunaojenga hapa Dar es Salaam tunafika kwenye mlango wa gereji tukiwa tumechoka na pesa imekata. Fundi anapigiwa simu, anaulizwa uwazi una futi ngapi, anajibu "nane kwa saba", na jioni hiyohiyo karakana inapewa advansi. Nimesimamia ujenzi wa nyumba yangu Kigamboni na baadaye za ndugu zangu, na kila anayeniuliza namjibu hivi: usiagize mlango kwa vipimo vya ramani. Pima ukuta wenyewe, baada ya plasta na sakafu kwisha.

Plasta inakula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Kila mwimo, yaani ukingo wa ukuta pembeni mwa uwazi, ukinenepa sentimita moja na nusu, upana umeshapungua sentimita tatu. Sakafu nayo ikisawazishwa na kuwekwa marumaru, kimo kinaweza kushuka sentimita tano. Kama huna budi kuagiza mapema, mwambie fundi akuchoree ukutani mstari wa sakafu itakapofikia, kwa pima maji, kisha kimo kianzie kwenye mstari huo.

Upana upimwe juu, katikati na chini. Kimo kipimwe kushoto, katikati na kulia. Kwa mdogo wangu, kule Chanika, ukuta ulionekana umenyooka kabisa kwa macho. Fundi akashika tepu, mimi nikaandika.

"Juu?"

"Elfu mbili mia nne thelathini na nane."

"Katikati?"

"Thelathini na moja."

Kule chini akapima, akarudia kupima, ndipo akasema: "Elfu mbili mia nne kumi na tisa, dada."

Hizo ni milimita, na kati ya juu na chini kuna tofauti ya karibu sentimita mbili. Mlango wa kukaa katikati ya miimo ukitengenezwa kwa kipimo cha juu, chini hauingii. Hapo kipimo kidogo ndicho kinachotawala. Lakini kama reli zitafungwa nyuma ya ukuta, kwa ndani, unahitaji pia kujua panapozidi upana, ili mlango ufunike mpaka pale. Kwa hiyo andika namba zote, usichague moja.

Kisha pima kona kwa kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja hivi, uwazi umepinda. Shusha timazi, ule uzi wenye kizito nchani, kwenye kila mwimo ujue ni upi ulioinama. Ni kazi ya nusu saa, na kuchonga plasta wakati huu ni rahisi kuliko kukata chuma kilichokwisha kupakwa rangi.

Kuhusu tepu yenyewe: kile kijichuma cha kwenye ncha kinachezacheza kwa makusudi. Kinasogea kwa kadiri ya unene wake ili kipimo kiwe sahihi unapokisukuma ukutani na unapokivuta kwenye ukingo. Usikigonge kwa nyundo kikaze. Na usikunje tepu kwenye kona ukakisia namba. Waweke watu wawili, mmoja kila upande, tepu ivutwe isilegee.

Andika kwa milimita. Futi na inchi zina mtego wake: "futi nane na inchi sita" ni milimita 2,591, lakini nimeona ikiandikwa 8.6, na mwenye kikokotoo akiichukua kama futi nane nukta sita anapata 2,621. Sentimita tatu nzima zimetoka kwenye nukta.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni nafasi ya kuzunguka uwazi. Rola shata hujikunja kwenye bomba lililo juu ya mlango, na kwa gereji ya nyumbani mviringo huo mara nyingi unataka sentimita 30 mpaka 45 kutoka linta hadi dari. Mlango wa vipande, ule unaopanda na kulala chini ya dari kama wanavyotumia Marekani, unataka kama sentimita 30 juu, na kwenda ndani nafasi inayozidi kimo chake, bila boriti wala taa njiani. Pima pia ukuta ulio kushoto na kulia kwa ndani, maana reli lazima zipate pa kukaa. Gonga usikie kama ni nguzo ya zege au tofali. Bolti haishiki kwenye plasta. Kama utaweka mota, angalia bomba la umeme linapita wapi kabla drili haijaingia ukutani.

Usisahau gari. Upana unaoandikwa kwenye karatasi za gari kwa kawaida hauhesabu vioo vya pembeni, na Land Cruiser kubwa ni karibu mita mbili bila vioo. Fungua vioo, upime. Keria ya juu nayo ihesabiwe. Reli zikikaa ndani ya uwazi zinapunguza njia kila upande, kwa hiyo amua mapema zitakaa wapi.

Ukipeleka vipimo karakana, andika wazi: "Hivi ni vipimo vya uwazi, sijatoa kitu." Wao ndio wanaojua wapunguze kiasi gani kwa ajili ya reli na nafasi ya mlango kusogea bila kukwama. Nimeshuhudia mlango uliopunguzwa na mwenye nyumba, kisha na karakana, ukaacha upenyo wa kupitisha kiganja.

Chora uwazi kwenye karatasi, uweke namba zote na neno "ndani" au "nje" upande unaohusika, nakala moja ibaki kwako pamoja na risiti. Halafu omba karakana imtume mtu wake aje apime kabla hawajakata chuma. Wengine watadai nauli. Ilipe, na uwepo siku hiyo na karatasi yako mkononi, mlinganishe namba moja moja.