Miezi 4 baada ya upasuaji, kovu lina ganzi na usingizi haupatikani

Dada, umeandika kwamba ulijifungua kwa upasuaji wa dharura miezi 4 iliyopita, kwamba ngozi iliyo juu ya kovu imekufa ganzi, na kwamba kila ukikumbuka taa za chumba kile moyo unakwenda mbio na usingizi unapotea. Mimi nami nilipita njia hiyo.

Ganzi isikutishe: neva ndogo za ngozi hukatwa wakati wa upasuaji, na hisi hurudi polepole kwa miezi mingi, ingawa pengine isirudi yote. Ikiwa kovu limekauka vizuri, lisugue taratibu kwa ncha za vidole; mimi nilianza kwa kuligusa juu ya nguo, maana hata kulitazama sikuweza. Likiwa jekundu, likitoa usaha, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Linalonihangaisha zaidi ni hizo kumbukumbu. Usijilaumu kwamba "hukuzaa", kwani njia ya kawaida nayo ina majeraha yake, kama kuchanika na kuvuja mkojo. Mwombe mkunga au daktari apitie nawe faili lako na kukueleza kwa nini uamuzi ule ulifikiwa. Mimi hilo lilinisaidia kuliko pole zote nilizopewa. Kwa kuwa hali hii imedumu zaidi ya wiki 2, muone pia mtaalamu wa afya ya akili, na ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, tafuta msaada saa hiyohiyo, wala usibaki peke yako.

Kuhusu mimba nyingine, Shirika la Afya Duniani hushauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua.